Mishale ya Motokaa Baina ya Embu na Meru

Kama umepata kusafiri kwa motokaa kutoka Embu kwenda Meru, msomaji, wajua kwamba njia ile haina tambarare ya kudumu. Mlima Kenya hushusha maji yake upande wa mashariki kwa mito mingi, na kila mto umejichimbia bonde lake kabla ya kwenda kujitia katika Tana. Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu: barabara haina budi kuivuka yote. Kwa hiyo huteremka, hukata kona, huvuka daraja, kisha hupanda tena. Abiria hutazama migomba na mibuni. Dereva ana mambo mawili ya kutazama: njia iliyo mbele yake, na ubao ulio chini ya kioo, wenye mishale na taa ndogo ndogo. Nataka nikusimulie habari za ubao huo. Ulikotoka, namna unavyosema, na jambo moja kubwa ambalo hadi leo hausemi katika barabara hii.

Jina lake la Kiingereza, ambalo sisi tumelifanya dashibodi, hapo kwanza halikuhusu vipimio hata kidogo. Katika zama za magari ya farasi ulikuwa ubao mtupu, au kipande cha ngozi, kilichosimamishwa mbele ya dereva ili kimkinge na matope yaliyorushwa na kwato. Farasi walipoondoka na injini ikaingia mahali pao, ubao ulibaki, na kwa kuwa ulikuwa mbele ya macho, watu wakaanza kuubandika vyombo. Hivyo chombo cha kuzuia tope kiligeuka kuwa chombo cha habari. Nadhani wazee walioendesha magari kwenye udongo mwekundu wa Chuka wakati wa masika, kabla ya lami, wangeona afadhali kazi ile ya kwanza isingeachwa.

Kipimio cha masafa ni kikongwe kuliko motokaa yenyewe. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza gari lenye magurudumu ya meno yaliyounganishwa na gurudumu la njiani. Gurudumu hilo lilipozunguka mara 400, maili moja ya Kirumi ilikuwa imetimia, na kijiwe kimoja kikaanguka ndani ya sanduku. Mwisho wa safari msafiri alihesabu vijiwe. Mita ya mwendo ilikuja baadaye sana. Mwaka 1902 Otto Schulze, Mjerumani, alipata hataza ya chombo ambacho kilitawala motokaa kwa karibu karne nzima. Waya mnene uliosukwa hutoka kwenye gia na kuzungusha sumaku. Sumaku huzunguka ndani ya kikombe cha madini bila kukigusa, na nguvu yake hukivuta kikombe kiifuate. Springi ndogo hukizuia. Kadiri sumaku iendavyo mbio ndivyo kikombe kinavyoishinda springi, na mshale uliofungwa kwenye kikombe husogea mbele ya tarakimu.

Angalia vizuri: vyombo vyote viwili, cha Mrumi na cha Mjerumani, havipimi mwendo wa gari juu ya ardhi. Hupima kuzunguka. Katika njia kavu hayo mawili ni karibu kitu kimoja, lakini katika tope si kitu kimoja kabisa. Gari lililozama hadi ekseli, magurudumu yakijizungukia bure, litamwonyesha dereva mwendo wa maili 30 kwa saa, na mita ya masafa itaandika safari, hali wanakijiji wamesimama kando wakilitazama palepale lilipo. Ni kichekesho, lakini kwa watu fulani lilikuwa jambo zito. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, mwongozaji njia aliyeketi kando ya dereva alitegemea masafa ili ajue kona iko wapi na amechelewa dakika ngapi. Mvua ilipozidi, kila mtelezo uliingia katika hesabu yake kama mwendo wa haki. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na 7 tu yakafika mwisho. Wengi katika mashindano hawakuiamini mita ya kiwandani; walifunga yao, kama ile ya Halda iliyotengenezwa Sweden, ambayo iliweza kurekebishwa ilingane na matairi ya gari lenyewe.

Sasa na tuje kwenye petroli, maana hapo ndipo barabara ya mabonde inapoonyesha ujanja wake.

Ford Model T, gari lililouzwa tangu 1908 hadi 1927 na kuenea duniani kuliko jingine lolote la zama zake, halikuwa na mshale wa petroli. Tangi lilikuwa chini ya kiti. Dereva aliyetaka kujua hali yake alishuka, akainua mto wa kiti, akafungua kifuniko na kutumbukiza kijiti. Kijiti hakikusema uongo. Taabu ilikuwa nyingine: petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu, bila pampu, hata tangi lilipopungua na gari likaelekeza pua juu kilimani, petroli haikuweza kupanda kufika injini. Basi dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari mwaka 1954 na tena 1957, nayo iliishi bila mshale wa petroli hadi 1961. Injini ilipoanza kukohoa, dereva alisukuma kijiti kwa mguu, na akiba ya kama galoni moja ikafunguka. Aliyejaza tangi akasahau kukirudisha kijiti alikuwa ameila akiba yake bila kujua, na alijua baadaye, mbali na mji.

Mshale wa petroli ulipokuja ulionekana kuwa neema. Ndani ya tangi huwekwa boya jepesi lililofungwa kwenye mkono. Petroli ikishuka, boya hushuka, na umeme unaopita kwenye mkono huo hubadilika kidogo na kuusogeza mshale. Ni chombo chepesi na cha bei ndogo. Lakini boya hujua jambo moja tu, yaani kimo cha petroli mahali lilipo. Gari likipanda, petroli yote hukimbilia nyuma ya tangi. Likishuka, hukimbilia mbele. Tena tangi la motokaa si sanduku la pande sawa. Limefinyangwa lipate kuingia katika nafasi iliyobaki baada ya vitu vingine kupata nafasi zao, likawa pana hapa na jembamba pale. Ndiyo sababu nusu ya kwanza ya petroli huonekana kama haiishi, na nusu ya pili ikayeyuka kama chumvi ndani ya maji.

Siku moja nilichukuliwa na mzee mmoja katika gari lake dogo la mizigo, nikielekea Nkubu. Tulipopanda kutoka bonde la Thuci mshale ulilala kwenye herufi E. Tulipoanza kushuka upande wa pili ulinyanyuka hadi karibu na robo. Nikamwambia mzee kwamba yafaa tununue petroli Chuka. Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu,” akasema, “herufi hizo si za Kiingereza. F maana yake Furahi, na E maana yake Endelea.” Tukapita Chuka, tukavuka Nithi, na mshale ukapanda na kushuka pamoja nasi kama mtoto anayecheza bembea. Baada ya daraja la Mutonga injini ilinyamaza. Tukaendelea kweli, ila kwa miguu.

Simlaumu mzee yule kupita kiasi. Waunda magari wenyewe ndio waliomzoeza. Huacha petroli kidogo tangini mshale ukiwa umekwisha kufika E, ili mtu asikwame ghafula, na dereva aliyegundua ukarimu huo mara moja huufanya kuwa haki yake ya kila siku. Mshale uliokusudiwa kuonya ukawa mshale wa kubembeleza.

Katika mita ya mwendo kuna ukarimu wa namna hiyo, ila umeelekezwa upande mwingine. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo waunda magari wengi huifuata, husema kwamba mshale usionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya mwendo wa kweli. Lakini waruhusiwa kuuzidisha kwa sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Fanya hesabu: gari linalokwenda kwa kweli kilomita 80 kwa saa laweza kuonyesha hata 92, na bado likawa halali. Dereva akilijua hilo huanza kuutoza mshale wake punguzo. Husema moyoni, “Huyu husema 90, kumbe ni 80 tu.” Kisha mwenye gari akafunga matairi makubwa zaidi, apate kupita vijia vya mawe vinavyopanda msituni, na hesabu yote ikageuka. Tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa sehemu moja ya kumi huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, wala mita haina habari. Mita iliyokuwa sahihi ikionyesha 80, gari sasa liko 88. Na yule dereva angali anatoza punguzo lake.

Kulikuwa na hatari nyingine, ambayo vijana wa leo hawakuiona. Chini ya ukoloni Kenya ilihesabu njia zake kwa maili, na motokaa zilizotoka Uingereza zilikuja na tarakimu za maili. Katika miaka iliyofuata Uhuru wa 1963 nchi ikashika kilomita. Vibao vya njiani hubadilishwa kwa amri, lakini motokaa haibadilishwi kwa amri. Huendelea kuishi mpaka ife yenyewe. Mwenye gari kuukuu alikuta kibao kikisema 50 mbele ya mji, akautazama mshale wake, akaufikisha kwenye 50, akaingia mjini kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa akiwa na dhamiri safi kabisa. Leo magari mengi yetu huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, na tarakimu zake ni za kilomita. Hata hivyo sikiliza wauzaji wakizungumza juu ya umbali ambao gari limekwenda: neno lao ni lile lile la maili, na kila mnunuzi huuliza kwa wasiwasi kama tarakimu hizo hazikurudishwa nyuma. Mita za zamani zilijirudisha zenyewe. Zilikuwa na nafasi tano tu. Baada ya 99,999 zilianza upya kwenye sufuri, na gari la taksi lililochakaa likazaliwa mara ya pili.

Nisisahau Land Rover, kwa maana hakuna gari lililojulikana zaidi katika wilaya hizi mbili wakati wa Hali ya Hatari, kutoka 1952 hadi 1960. Gari hilo lilionyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 1948. Waliolitengeneza walitaka usukani uweze kufungwa kulia au kushoto bila gharama, kwa hiyo vipimio wakavitia katikati ya ubao, pasipo upande. Matokeo yake ni kwamba dereva alilazimika kugeuza macho atoke njiani ili aone mwendo wake, na bwana aliyeketi kando yake aliuona vizuri kama yeye. Sijui kama waundaji walifikiri juu ya hilo, lakini kwa dereva Mwafrika aliyemchukua afisa wa serikali, lilikuwa jambo la kila siku.

Mshale wa joto una historia ya kusikitisha kidogo. Mwanzoni alikuwa mtumishi mwaminifu. Kifaa cha Boyce, kilichopewa hataza mwaka 1912, kilikuwa kipimajoto cha kweli kilichopachikwa kwenye kifuniko cha rejeta, nje, mbele ya gari, na dereva alikiona kupitia kioo. Baadaye mshale uliingia ndani kwenye ubao, ukapanda na kushuka kwa kadiri ya maji ya injini. Hilo lilikuwa na maana kubwa milimani. Wajua kutoka somo la sayansi kwamba maji hayachemki mahali pote kwa joto moja: pwani huchemka kwenye nyuzi 100, bali katika miinuko ya Meru, kama mita 1,500 juu ya bahari, huchemka karibu na nyuzi 95. Kifuniko cha rejeta cha siku hizi hulitia maji shinikizo na kuvuka kikwazo hicho, lakini kifuniko kikilegea, mlima hudai nyuzi zake. Dereva wa zamani aliuona mshale ukipanda polepole, akatafuta kivuli, akasimama.

Lakini wanunuzi mijini walifadhaika. Kila mshale ulipotikisika walirudisha gari kwa muuzaji wakilalamika. Basi waundaji wakaufundisha mshale adabu. Katika magari mengi ya sasa husimama katikati na kutulia hapo, maji yawe na nyuzi 80 au 100, na huanza kusogea mambo yalipokwisha kuharibika. Mengine hayana mshale wowote, ila taa: ya samawati injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imepata moto mno. Kampuni ya Hudson ya Marekani ilileta taa za namna hiyo, kwa ajili ya oili na umeme, katika miaka ya 1930. Mimi nazichukia. Mshale husema, “Mambo yanakuja.” Taa husema, “Mambo yamekuja.” Katika mpando mrefu tofauti ya maneno hayo mawili ni injini nzima.

Mwishowe serikali yenyewe ilikata tamaa ya kumwachia dereva ashauriane na mshale wake peke yake. Kwa Tangazo la Kisheria namba 161 la 2003, lililoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004 chini ya John Michuki, waziri wa uchukuzi, kila matatu na basi lilitakiwa kuwa na mikanda kwa abiria wote na kidhibiti mwendo kilichofungwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Hiki hakikuwa chombo cha kuarifu, kilikuwa chombo cha kuzuia. Wapo waliokichezea, na pick-up zichukuazo miraa kutoka milima ya Nyambene ziliendelea kujulikana kwa mbio zake, kwa sababu miraa ikikaa siku mbili hivi hupoteza ladha na bei pamoja. Lakini hata kidhibiti kilicho kizima, mikononi mwa dereva mwema, kina mpaka wake. Kazi yake ni kuinyima injini nguvu. Katika mteremko, injini si ndiyo inayosukuma. Uzito wa gari ndio unaosukuma, wala uzito haunyimwi petroli.

Na sasa tumefika Nithi.

Barabara hushuka kwa kitambo kirefu kuelekea daraja, na kuna kona. Basi la tani 15 likishuka kimo cha mita 100, na dereva akalishikilia kwa breki peke yake, nguvu yote ya mteremko huo hugeuka kuwa joto katika magurudumu. Piga hesabu kama ulivyofundishwa: ni joto la kutosha kuchemsha madebe mawili ya maji ya kisima. Lakini hapo hapana maji. Pana vyuma na vitambaa vya breki. Ngoma ya chuma ikipata moto hupanuka na kujitenga na kitambaa, na kitambaa chenyewe kikiungua hupoteza mshiko wake. Dereva hukanyaga, na mguu hushuka kama kawaida, ila gari halipungui.

Tazama ubao wake wakati huo. Mshale wa mwendo unamwambia anakwenda kasi gani, jambo ambalo tumbo lake limekwisha kumwambia. Mshale wa petroli umepanda kwa uongo kwa sababu pua imeelekea chini. Mshale wa joto la injini umetulia, kwani injini haifanyi kazi. Basi kubwa lina kipimio kingine, cha upepo wa breki, na hicho nacho chaweza kuonyesha kwamba upepo umejaa tele. Hakisemi uongo. Upepo upo, unasukuma kwa nguvu zake zote, na unasukuma vitambaa visivyoshika tena. Kuhusu joto la breki zenyewe, ambalo ndilo swali la bonde hili, mabasi mengi yapitayo hapa hayana mshale wala taa. Ubao ulianza katika nchi za watu wengine, na ukaongezewa chombo kimoja kimoja kwa kufuata haja za njia zao.

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa liliacha njia katika daraja la Nithi na kutumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Haikuwa mara ya kwanza kwa daraja hilo kuua, na wakazi wa huko walikuwa wamelilalamikia kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Madereva wa zamani wa njia hii walikuwa na desturi ya kuingiza gia ndogo juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, ili injini ilishike gari na breki zipumzike; na gia hiyo hiyo iliyotosha kupandia ndiyo waliyoshukia. Ambaye hakufanya hivyo hakuwa na kipimio kingine ila harufu. Vitambaa vya breki vikianza kuungua hutoa harufu kali, ya uchungu, isiyofanana na ya petroli wala ya oili, nayo huingia madirishani kutoka chini. Upepo wa mwendo huipeleka nyuma. Kwa hiyo ndani ya basi mtu wa kwanza kuisikia aghalabu si dereva mwenye ubao na mishale yake yote, bali ni abiria wa kiti cha nyuma, ambaye huinua kichwa, akawatazama wenziwe, asijue kama yafaa aseme neno.